Mashine Iende kwa Gogo

(Hotuba hii ilisomwa na mwenzetu mmoja, seremala na mfanyabiashara wa mbao, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika shuleni hapa Matombo. Tumeichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri la kuchanga fedha ili chama chetu kinunue mashine ya kupasulia mbao, ile ya kuhamishika, shule ipate madawati na vitanda kutokana na miti ya hapa hapa, na mbao zitakazobaki ziuzwe. Shauri lilipokelewa kwa makofi. Mtu wa kwanza kusimama na kuliunga mkono nilikuwa mimi. Leo nimesimama tena, mbele yenu wote, kusema kwamba siku ile nilisimama mapema mno. Nia yangu ni ile ile. Lakini fedha tunazotaka kuchanga ni za watu, na wengine miongoni mwetu wanaishi kwa pensheni. Haifai mtu anayeijua kazi hii akae kimya kwa sababu alikwisha kupiga makofi.

Kwa hiyo nitaeleza mashine hizi ni za namna gani, ipi inafaa wapi, na mwisho nitatoa shauri langu.

TULIKOTOKA

Mimi nililelewa na mjomba wangu, ndugu wa mama, kama ilivyo desturi yetu Waluguru kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba alikuwa mpasua mbao wa msumeno wa mikono. Vijana wa leo wengi hawajauona msumeno ule. Ni mrefu kuliko mtu, una mshikio juu na mshikio chini, na watu wawili huuvuta: mmoja amesimama juu ya gogo, mwingine yuko chini yake. Hapa kwetu hatukuhitaji kuchimba shimo refu, maana mlima wenyewe ulitusaidia. Ilichimbwa sehemu bapa kwenye mteremko, vikasimikwa vichanja, gogo likaviringishwa kutoka upande wa juu mpaka likalala hewani.

Mjomba alikuwa mtu wa chini. Mtu wa juu hufuata mstari, mtu wa chini hula vumbi. Jioni alikuwa akirudi amekuwa mwekundu kichwa kizima kama alikuwa amepasua mkangazi, au wa manjano kama ulikuwa mvule. Mstari waliupiga kwa kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Kabla ya kuupiga, mjomba alilizunguka gogo mara mbili, tatu, akiligonga kwa kisigino cha shoka na kutazama moyo wake umekaa wapi. Mti uliokua kwenye mteremko, alisema, moyo wake haukai katikati, na gogo lake lina hasira: ukilipasua vibaya, ubao unajipinda mbele ya macho yako. Nilimwona akikataa magogo ambayo watu wengine waliyaona mazuri. Sikujua siku zile kwamba nilikuwa nasoma somo ambalo baadaye lingenigharimu fedha nyingi kwa kulisahau.

Alikufa kifua kikimsumbua. Daktari hakusema kuwa ni vumbi, nami sitasema zaidi ya daktari. Lakini mtu akiniambia leo kwamba tuache mashine turudi kwenye msumeno wa mikono kwa sababu hauli petroli, namwambia ashike mshikio wa chini siku moja tu.

GOGO HALISHUKI MLIMANI

Sasa nawaomba vijana wa hesabu mnisaidie. Chukueni gogo la urefu wa futi 12, lenye unene wa sentimita 50 katikati. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 0.72. Mti mbichi wa aina nyingi unakaribia uzito wa maji, kwa hiyo gogo hilo moja lina uzito wa kilo 700 hivi. Nani atalishusha kutoka Kibungo au Tawa mpaka barabarani? Mvua za masika zikianza, hata pikipiki inasukumwa.

Lakini lipasueni pale pale lilipoangukia. Tukichukua kwamba nusu ya gogo inakuwa mbao na nusu inakwenda kwenye mabanzi na unga, mtapata mbao 19 hivi za moja kwa nane. Kila ubao mbichi una uzito wa kilo 19 au zaidi kidogo. Huo ni mzigo wa kichwani wa mtu mmoja. Ndiyo siri nzima ya mashine ya kuhamishika: mashine iende kwa gogo, ubao ushuke kwa miguu ya watu.

Wenzetu wa mbali wameligundua jambo hili pia. Katika Papua New Guinea, nchi ya milima mikali na vijiji visivyo na barabara, kuanzia miaka ya 1980 watu wa vijijini walitumia mashine ndogo iliyoitwa kwa lugha yao Wokabaut Somil, maana yake ni mashine ya mbao inayotembea. Jina hilo peke yake ni hotuba.

MASHINE ZENYEWE

Ukiacha msumeno wa mikono, ziko njia nne ambazo mtu wa Morogoro atakutana nazo.

Ya kwanza ni msumeno wa mnyororo, ambao watu wanauita chensoo. Ni rahisi kununua, na mtu mmoja anaubeba begani. Lakini uliundwa kwa ajili ya kuangusha na kukata vipande. Ukiutumia kupasua ubao kwa mkono mtupu, ubao unatoka na mawimbi kama bati. Ukifungwa kwenye fremu ya kuuongoza unanyooka, ila bado njia yake ni pana, milimita 8 hata 10, na yote hiyo ni mbao iliyogeuka unga.

Ya pili ni zile mashine zinazoitwa dingdong, ambazo aliyepita Mufindi na Njombe amezisikia kabla ya kuziona. Ni meza ya chuma, msumeno wa duara katikati, na injini ya dizeli. Gogo ndilo linalosukumwa kwa mikono kuelekea kwenye msumeno. Kwa misindano ya mashambani, yenye magogo membamba na mengi sana, zimefanya kazi kubwa. Lakini gogo lazima liletwe kwenye meza, na vidole vya msukumaji viko karibu na meno. Kwa magogo yetu manene haifai.

Ya tatu ni msumeno wa mkanda. Mkanda mwembamba wa chuma wenye meno unazunguka juu ya magurudumu mawili, na kichwa chote kinasogea kando ya gogo lililofungwa kitandani. Kampuni ya Wood-Mizer ya Marekani ilianza kuzitengeneza mashine hizi mwaka 1982, na leo zimeenea duniani kote. Sifa yake kubwa ni wembamba wa njia yake, milimita 2 hivi, na ubao wake ni laini. Udhaifu wake ni kwamba mkanda ni kitu chenye deko. Hautaki mchanga kwenye gamba, hautaki msumari, na ukipoteza makali lazima unolewe na meno yapangwe upya kwa mashine maalum. Mtu hafanyi kazi na mkanda mmoja. Anakuwa na kumi au zaidi, mingine ikiwa kwenye kazi na mingine kwa mnoaji.

Ya nne ndiyo iliyotajwa katika shauri letu: msumeno wa duara unaogeuka. Hii inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu asiyeiona haiamini.

MSUMENO UNAOGEUKA

Gogo linalala chini, halisogei. Reli mbili zinawekwa kulia na kushoto kwake, zikishikiliwa na fremu kila mwisho. Juu ya reli kinapita kichwa chenye injini ya petroli, boksi la gia na msumeno mmoja wa duara wenye meno machache, matano au sita au zaidi kidogo, yenye ncha za kabaidi. Mwendeshaji anakisukuma kichwa kwa mkono. Msumeno ukiwa umelala, unakata njia ya ulalo kutoka mwanzo wa gogo hadi mwisho. Kisha anavuta mkono wa mashine, msumeno unageuka nyuzi 90 na kusimama wima, na anaporudi unakata njia ya pili inayokutana na ile ya kwanza. Mahali njia mbili zinapokutana, ubao umekwisha kutoka, pembe zote zimenyooka, hauhitaji kuchongwa ubavu tena. Kwenda na kurudi, ubao mmoja.

Watu wa New Zealand na Australia ndio walioieneza. Peterson wa New Zealand na Lucas wa Australia ni majina mawili yanayojulikana zaidi, yote yakiwa yamekua tangu mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Huuzwa kwa kipimo cha ubao mpana zaidi zinaoweza kukata: inchi 6, inchi 8, inchi 10. Ya inchi 8 itakupa boriti ya nane kwa nane, au mbili kwa sita, au moja kwa nane, upendavyo, kutoka gogo lile lile bila kuligeuza.

Faida zake kwetu ni hizi. Kwanza, inafunguliwa vipande vipande. Reli zinabebwa begani. Kipande kizito ni kichwa chenye injini, nacho watu wanne wanakipandisha kwenye njia ya mguu wakipumzika mara kwa mara. Pili, gogo nene halikusumbui, kwa sababu huliinui wala huligeuzi. Unalivua kutoka juu kama mtu anavyomenya kitunguu. Tatu, kunoa. Ncha za kabaidi zinanolewa pale pale kwa mashine ndogo inayotumia betri ya gari. Ikivunjika ncha moja kwa kugonga msumari, inachomelewa nyingine, na msumeno unaendelea.

Na hasara zake ni hizi. Njia yake ni pana, milimita 5 hadi 6, tena mara mbili, ya ulalo na ya wima. Upana wa ubao una mpaka. Inakula petroli, nayo petroli hiyo itapanda mlimani kwa madumu. Msumeno unapenda kutiwa maji unapokata mbao ngumu kama msaji, kwa hiyo kisima kikiwa mbali, ni dumu jingine hilo. Na kelele yake ni kali. Mtu asiyeziba masikio leo ataomba kurudiwa maneno uzeeni.

Vijana, rudini kwenye hesabu. Tuna boriti iliyokwisha kuchongwa mraba, kina chake milimita 310, yaani kama futi moja hivi. Tunataka mbao za milimita 25. Kwa chensoo inayokula milimita 10 kila njia, tunapata mbao 9. Kwa msumeno unaogeuka unaokula 6, tunapata 10. Kwa mkanda unaokula 2, tunapata 11. Jaribuni wenyewe ubaoni kesho; msisahau kwamba mbao 10 zinahitaji njia 9 tu katikati yake. Basi ukipanga kwa kuangalia unga peke yake, mkanda umeshinda. Nami niliwahi kupanga hivyo hivyo.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulichanga akiba zetu. Mmoja alitoa kiinua mgongo chake chote. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo niliyowaonyesha, tena kwa wino mwekundu, na nikawathibitishia kwamba ubao mmoja zaidi katika kila kumi ndiyo faida yetu. Tukanunua msumeno wa mkanda uliokwisha kutumika. Mashine yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mimi, niliyeijua mbao lakini sikuuliza miti yetu ikoje.

Miti tuliyoipata ilikuwa miembe mikubwa ya kando ya barabara, mikangazi michache iliyozeeka mashambani, na migrivea ya mipakani. Miembe ilikuwa minene kiasi kwamba haikuingia kwenye kichwa cha mashine. Na ndani yake, ndugu zangu, mlikuwa na kila kitu ambacho watu wamegongomea tangu enzi za babu: misumari ya matangazo ya uchaguzi, waya za kuanikia nguo, na siku moja kipande cha kiatu cha farasi ambacho hadi leo sijui farasi wake alipita hapa lini. Kila msumari, mkanda mmoja. Mnoaji alikuwa mbali, mikanda ilikwenda kwa basi na kurudi baada ya wiki. Magogo ya milimani hayakuweza kushuka kwenye kitanda cha mashine, na mashine, iliyokuwa na matairi yake na ndoano ya kuvutwa na gari, haikuweza kupanda kwenda kwao.

Mvua ya pili ilipokuja, mashine ilikuwa imekaa chini ya mwembe ambao tulishindwa kuupasua. Kuku walitaga ndani yake. Tuliiuza kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya watoto. Mmoja wa wenzangu hao amekaa hapa leo, safu ya tatu. Namshukuru kwamba bado tunasalimiana.

Sikusema haya ili mseme mkanda ni mbaya. Mwenye shamba la misindano au misaji ya umri mmoja, magogo ya unene mmoja, barabara inayopitika na mnoaji wa karibu, namshauri anunue mkanda kesho asubuhi. Nasema kwamba mashine nzuri mahali pasipo pake ni chuma tu.

Na hili si jipya hapa Matombo. Wazee wetu walikwisha kutufundisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matuta ya ngazi kwenye milima hii ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa maana. Lakini kuchimba ngazi kulipandisha juu udongo wa chini usiozaa, kazi ilikuwa ya kulazimishwa, na mwenye mlima hakuulizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka hapa hapa, na mpango ukaachwa. Zana na mipango ya watu wengine huja imekamilika. Kinachokosekana ni swali kwa mwenye mahali.

MASWALI MATATU

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga shilingi moja, tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: tuna miti mingapi, na iko wapi? Hapa niseme wazi. Msitu wa juu si wetu wa kupasua. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, na ndiko yanakotoka maji ya Ruvu yanayonywewa mpaka Dar es Salaam. Wako watu watakaofurahi sana kusikia kwamba mashine inayobebeka begani imefika Matombo. Mashine ile ile inayotufaa kwa mti wa shambani inamfaa na mwizi wa msituni, kwa sababu ile ile. Tukiinunua bila utaratibu, bila daftari la kila gogo na lilikotoka, siku moja itakutwa mahali ambapo jina la shule yetu halitakiwi kukutwa. Hesabu yetu iwe ya miti iliyopandwa: misaji, migrivea, misedrela, mikangazi ya mashambani, na miembe na mifenesi iliyokoma kuzaa.

Swali la pili: mti ni wa nani? Kwetu ardhi ni ya ukoo. Mtu aliyeazimwa shamba hupanda mahindi na maharage, hapandi mti wa kudumu, kwa sababu mti ni dai. Basi unapoukuta mti mnene mpakani, usimuulize aliye karibu nao tu. Waulizeni wajomba. Halafu iko sheria ya nchi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yako mambo ya vibali vya kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, na mbao isiyo na karatasi inakamatwa kwenye kizuizi hata kama mti ulipandwa na bibi yako. Aende mtu mapema kwa afisa misitu wa wilaya, kabla shoka halijagusa mti.

Swali la tatu: ni nani atakayeiendesha? Kichwa cha mashine kinajifunzwa kwa siku chache. Kulisoma gogo kunachukua miaka. Gogo la mkaratusi au mgrivea wa mteremkoni, ukilivua upande mmoja tu, linapinda kuelekea upande mwingine, linaubana msumeno, na mashine inarushwa nyuma kwa mwendeshaji. Anayejua huvua kidogo kushoto, kidogo kulia, akiliachia hasira yake taratibu. Hicho ndicho alichokuwa akikifanya mjomba wangu kwa kisigino cha shoka. Mashine imeondoa jasho lake na vumbi lake. Ujuzi wake haijauondoa, na asiyekuwa nao ataumia kwa kasi zaidi.

Sisi wa Morogoro hatuna kisingizio hapa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko mjini kwetu, na misitu ni moja ya masomo yake makubwa. Moshi kiko Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, na Olmotonyi, Arusha, kiko chuo cha misitu cha tangu mwaka 1937. Kijana wa hapa anayependa mbao asidhani kwamba kazi hii ni ya walioshindwa masomo.

SHAURI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, nafunga kwa shauri lenye hatua nne, nami naomba liandikwe kwenye kumbukumbu.

La kwanza, tusinunue mashine mwaka huu.

La pili, muhula huu wanafunzi wa kidato cha tatu, pamoja na mwalimu wao, wahesabu na kupima miti yote iliyopandwa katika eneo la shule, na ya wazazi watakaokubali. Mti upimwe mzingo wake kwenye usawa wa kifua, uandikwe aina yake, mwenyewe, na umbali wake kutoka barabarani. Nimekuja na tepu tatu za kupimia na madaftari manne. Hayo ni mchango wangu, yako mezani kwa Mkuu wa Shule.

La tatu, msimu ujao wa kiangazi tukodi msumeno unaogeuka pamoja na fundi wake kwa wiki mbili, kwa fedha ndogo. Tupasue misaji iliyoanguka na miembe iliyozeeka ya hapa shuleni. Tuandike petroli iliyotumika, siku zilizopotea, ncha zilizovunjika, na mbao zilizopatikana. Mbao zipangwe kivulini juu ya vijiti, zikauke kwa miezi, maana dawati la mbao mbichi ni dawati la mwaka mmoja. Tutakuwa na hesabu yetu wenyewe, si ya muuzaji wala ya wino wangu mwekundu.

La nne, ndipo tukutane tena hapa. Ikiwa miti inatosha kuilisha mashine kwa miaka kumi, mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga, na nadhani mtaona kwamba kwa milima hii msumeno unaogeuka ndio unaotufaa, pamoja na unga wake mwingi. Ubao wa kumi na moja wa mkanda ni mtamu, lakini uko kwenye gogo ambalo mkanda haulifikii. Na ikiwa miti haitoshi, fedha zetu zitakuwa zimesalimika, nasi tutajua la kufanya: tununue miche. Misaji tuliyoipanda pembeni ya uwanja huu tukiwa na kaptula, tukinung'unika kwamba ni adhabu, leo ndiyo mali pekee ya kweli tunayoizungumzia hapa. Wale wanaonung'unika sasa na majembe yao nawaomba radhi mapema. Mtanishukuru mkiwa na mvi.

Mjomba wangu hakuwa na mashine wala cheti. Lakini hakuwahi kulipanda gogo kabla ya kulizunguka. Nami nawaomba tulizunguke hili letu mara mbili, tatu, kabla hatujaanza kukata.